KUINUA GARI KWA AJILI YA NJIA MBAYA
Mambo Yampasayo Mwenye Gari Kuyafahamu Kabla ya Kumwendea Fundi

Mvua za mwezi wa Machi na Aprili zinapoanza kunyesha katika nchi ya Kitale, wakulima hufurahi, maana ndio wakati wa kupanda mahindi. Lakini wenye magari huanza kuingiwa na wasiwasi. Barabara kuu itokayo Kitale kupitia Kiminini hadi Webuye, na kutoka huko hadi Bungoma, imewekwa lami, na gari lo lote laweza kuipita. Taabu huanza pale dereva anapoiacha lami na kuingia njia za mashambani, upande wa Saboti na Endebess, au miteremko ya Mlima Elgon. Njia hizo nyingi ni za udongo. Maji huzichimba, na magurudumu ya matrekta hufanya mifereji miwili mirefu yenye tuta katikati. Hata hivyo maziwa hayana budi kufika mjini kabla hayajaganda, na mgonjwa hawezi kungoja mpaka jua likaushe tope.

Kwa sababu hiyo watu wengi huwaendea mafundi wakitaka magari yao yainuliwe. Wengine huongeza majani ya springi. Wengine huweka vipande vya chuma au vya mpira mgumu, viitwavyo spesa, ili bodi ikae juu zaidi. Kazi hiyo ikifanywa kwa maarifa huleta faida. Ikifanywa kwa kubahatisha, gari huharibika upesi, na wakati mwingine hupinduka na kuua watu. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari afahamu ni kitu gani hasa anachokinunua anapotoa fedha zake.

KAZI YA SPRINGI NA KAZI YA SHOKI

Gari likaapo juu ya magurudumu yake, uzito wake wote huchukuliwa na springi. Katika pikapu na malori mengi springi za nyuma ni za majani, yaani vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli kwa boliti zenye umbo la herufi U. Katika magari madogo mengi springi ni za koili, yaani chuma cha mviringo kilichojikunja kama nyoka. Gurudumu likipanda jiwe, springi hujikunja na kuruhusu gurudumu lipande peke yake. Likiingia shimoni, springi hujinyosha na kulisukuma gurudumu chini ili liendelee kukanyaga ardhi.

Springi iliyokwisha kukunjwa hutaka kuruka, na ikiruka hutaka kurudi tena. Hapo ndipo shokabsoba, ambazo mafundi huziita shoki, zinapofanya kazi yao. Ndani ya shoki mna mafuta yanayosukumwa kupitia matundu madogo. Usumbufu huo huyatia mafuta joto, na kurukaruka kwa springi hutulia. Watu wengi hudhani kwamba shoki ndizo zinazobeba gari. Sivyo. Gari lililolala upande mmoja kwa uchovu halitainuka kwa sababu ya shoki mpya za kawaida, limechoka springi. Na gari linalodundadunda kama mpira baada ya kupita shimo halihitaji springi ngumu zaidi, limechoka shoki.

Basi kanuni ya kwanza ya njia mbaya ni hii: gari huendeshwa na magurudumu yanayokanyaga ardhi. Gurudumu lililo hewani halisukumi, halikamati breki, wala halifuati usukani. Springi njema ni ile inayoliwezesha kila gurudumu kufuata ardhi, lipande au lishuke, huku mengine yakikaa mahali pake. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1970 kampuni ya Uingereza ilipotoa gari la Range Rover, lenye springi za koili zenye mwendo mrefu wa kupanda na kushuka. Land Rover ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1948, ilikuwa na springi za majani mbele na nyuma. Ilikuwa na nguvu, lakini ilimrusha abiria wake sana. Mwaka 1983 Land Rover nayo ikaanza kupewa springi za koili.

GARI LIKIINULIWA, NI KITU GANI KINACHOINUKA?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao. Chukua mfano wa mtu akaaye Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale, mwenye pikapu ambayo ekseli yake ya nyuma ni moja, nzima, toka gurudumu hata gurudumu. Katikati ya ekseli hiyo imo difu, lile pipa la chuma lenye meno ya gea ndani yake. Pikapu yake hukwama kwa sababu difu hulalia lile tuta lililo katikati ya mifereji. Anamwendea fundi, springi zinainuliwa sentimeta 10, naye anarudi nyumbani akiwa na furaha. Mvua inyeshapo anakwama mahali pale pale.

Sababu yake ni rahisi. Springi imekaa kati ya ekseli na bodi. Ikiinuliwa, bodi hupanda, lakini ekseli na difu yake hubaki pale zilipokuwa, maana zimeshikana na magurudumu. Kitu kinachoinua difu ni tairi kubwa tu, na hata hiyo huinua nusu ya ongezeko lake: tairi iliyozidi ile ya kwanza kwa sentimeta 6 katika upana wake wa kukata katikati huinua difu sentimeta 3. Tena tairi kubwa ina gharama zake. Gea huwa nzito, breki hufanya kazi zaidi, na geji huonyesha mwendo ulio mdogo kuliko mwendo wenyewe.

Hata hivyo kuinua springi si kazi bure. Tumbo la gari, tangi la mafuta na bomba la moshi hupata nafasi. Pua na mkia havigusi ukingo wa mto upesi. Na tairi iliyo kubwa kidogo hupata mahali pa kuzungukia. Katika magari madogo ambayo kila gurudumu lina springi yake peke yake, kuinua springi huinua tumbo lote. Lakini katika magari hayo shafti zinazozungusha magurudumu hukaa mshazari zaidi, na mipira inayofunika viungo vyake hupasuka. Tope na mchanga vikiingia ndani, kiungo hufa kwa muda mfupi.

HESABU YA KUONGEZA MAJANI

Mtu mwingine husema, "Gari langu hulala nikipakia mahindi, nitaongeza majani ya springi." Ili kufahamu matokeo yake, tuseme kila springi ya nyuma ina majani 6 yenye unene na urefu ulio sawa, na kwamba mzigo wa magunia 10 ya kilo 90, yaani kilo 900, huishusha sentimeta 9. Akiongeza majani 3 ya namna ile ile, ugumu wa springi huzidi kwa nusu. Mzigo ule ule sasa utaishusha sentimeta 6 tu. Mwenye gari atafurahi siku ya kupeleka mahindi.

Lakini mavuno huwa hasa kati ya Oktoba na Desemba. Siku nyingi za mwaka gari hilo huenda likiwa tupu, au likiwa na makopo machache ya maziwa. Springi ngumu isiyo na mzigo haijikunji. Kila jiwe hupiga moja kwa moja kwenye bodi, na magurudumu ya nyuma hurukaruka. Penye matuta madogo madogo kama mawimbi, gari huanza kwenda kando kama kaa. Penye tope gurudumu moja huning'inia na kuzunguka bure. Mtu huyo ametaka gari lishinde njia mbaya, naye amelipatia gari lisiloweza kuikanyaga njia hiyo.

Tena majani ya ziada hayaongezi nguvu ya ekseli, wala ya breki, wala ya chesi. Uzito ambao kiwanda kimeruhusu hubaki ule ule. Pikapu iliyotengenezwa kubeba tani moja hujaa kwa magunia 11 ya kilo 90, bila kuhesabu abiria. Ikipakiwa magunia 15, imebeba kilo 1,350. Na kwa kuwa sasa hailali, dereva haoni tena alama iliyokuwa ikimwonya.

HATARI YA KUPINDUKA

Jambo kubwa kuliko yote ni kitovu cha uzito, yaani pale ambapo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika. Kadiri kitovu kinavyopanda, ndivyo gari linavyokuwa jepesi kupinduka. Hesabu yake si ngumu. Tuseme upana toka gurudumu la kushoto hata la kulia ni sentimeta 140, na kitovu ki juu ya ardhi kwa sentimeta 70. Gari hilo likisimama kwenye ubavu wa mlima litaanza kupinduka mteremko ukifika digrii 45. Likiinuliwa sentimeta 10, kiasi hicho hupungua hadi digrii 41. Likipangwa magunia mpaka kitovu kikafika sentimeta 100, hubaki digrii 35.

Msomaji aweza kusema kwamba hakuna mtu apitaye katika mteremko wa digrii 35. Na afikiri tena. Njia ya ubavuni mwa mlima yenye mteremko wa digrii 20 si ajabu. Magurudumu ya upande wa chini yakiingia katika mfereji wenye kina cha sentimeta 30, gari huongezewa kama digrii 12. Jumla ni 32. Tena springi za upande wa chini hubonyea kwa kuelemewa, na bodi huzidi kuegemea huko. Hapo gari limefika ukingoni, na watu walioketi juu ya magunia ndio watakaoangukiwa kwanza. Gari ambalo halikuinuliwa, lenye mzigo uliopangwa chini na kufungwa vizuri, lingepita.

MAFUNZO YA SAFARI

Nchi za Afrika Mashariki zina shule maarufu ya mambo haya. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yalijulikana kwa jina la Safari, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua huzikuta njia. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Katika miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, nao waliendesha Peugeot 404, gari la kawaida linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, lenye sifa ya springi laini zenye mwendo mrefu.

Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi wa magari, alishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watengenezaji wa magari ya Safari waliyainua kiasi, wakaweka shoki zenye nguvu, wakaimarisha mahali springi zinapofungwa, na kufunika tumbo la injini kwa bamba la chuma. Mambo hayo yalifanywa pamoja, kila kimoja kikipimwa kwa kingine. Mwenye pikapu hana fedha za mashindano, lakini utaratibu huo aweza kuufuata.

UTARATIBU WA KAZI

Kwanza, gari likaguliwe kabla ya kuongezwa kitu cho chote. Fundi atazame kama kuna jani la springi lililovunjika, kama boliti za U zimelegea, na kama bushi, yaani mipira ya viungo, zimekwisha. Apime toka katikati ya kila gurudumu hata ukingo wa bodi ulio juu yake. Pande mbili zikitofautiana sana, springi moja imechoka. Shoki inayovuja mafuta ibadilishwe. Pembe ya gari ikisukumwa chini kwa mikono na kuachiliwa, yapasa ipande mara moja na kutulia. Ikiendelea kuyumbayumba, shoki imekufa. Mara nyingi gari lililodhaniwa kuwa fupi huonekana kuwa limechoka tu, na likifanyiwa matengenezo hurudia kimo chake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili, zitazamwe tairi. Tairi zenye meno ya kukata tope, za ukubwa ule ule, huleta faida kubwa kuliko springi mpya. Penye tope au mchanga upepo waweza kupunguzwa kidogo ili tairi ikanyage kwa upana. Lakini ujazwe tena kabla gari halijarudi kwenye lami na kwenda kasi, maana tairi yenye upepo mdogo hupata joto na kupasuka.

Tatu, ikiwa bado kimo hakitoshi, springi zibadilishwe kwa springi zilizotengenezwa kwa gari la namna hiyo na kwa mzigo linalobeba kila siku, si kwa mzigo wa siku moja ya mwaka. Gari la kazi za kawaida lisiinuliwe zaidi ya kama sentimeta 5. Kupita hapo, viungo vingine vingi huanza kutoka katika mahali pake.

Nne, shoki zilingane na springi kwa urefu. Shoki fupi katika springi ndefu huvutwa mpaka mwisho wake gurudumu linaposhuka shimoni, na hung'oka. Shoki ndefu mno hugonga ndani gurudumu linapopanda. Ile mipira ya kugotea, izuiayo ekseli isigonge chesi, isiondolewe.

Tano, bodi ikiwa juu na magurudumu yakining'inia, fundi atazame mipira ya breki kama inavutika. Mpira uliokaza utakatika njiani, na gari litakosa breki katika mteremko. Atazame pia pembe ya propela shafti, kwa kuwa ikizidi, viungo vyake huliwa upesi. Pembe za magurudumu ya mbele zipimwe upya, la sivyo usukani utakuwa mwepesi na gari litatangatanga barabarani. Taa za mbele zishushwe, zisiwapofushe watu wanaokuja.

Sita, baada ya siku chache za kazi, kabla ya safari ndefu, boliti zote zikazwe tena, maana springi mpya hujikalia na kulegeza vifungo. Mwenye gari aiarifu kampuni yake ya bima juu ya mabadiliko hayo kwa maandishi. Asiyeiarifu aweza kunyimwa fidia siku ya ajali. Tena aulize mapema kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ambayo ndiyo isimamiayo ukaguzi wa magari katika Kenya, ni mabadiliko gani yanayoruhusiwa.

MAMBO YA KUEPUKWA

Jani la springi lililovunjika lisiungwe kwa moto. Chuma cha springi hupata nguvu zake kwa kutiwa joto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuungia huiondoa nguvu hiyo, na jani hukatika karibu na mahali pale pale. Vile vile springi isipashwe moto ili ipindwe, ila kwa fundi mwenye tanuri na ujuzi wa kuirudishia nguvu.

Vipande vya chuma visiwekwe kamwe kati ya ekseli ya mbele na springi zake, kwa sababu breki zikishikwa kwa nguvu vyaweza kuchomoka, na usukani hautakuwa na kazi. Hata nyuma, vipande visipangwe kimoja juu ya kingine. Na vipande vya tairi kuukuu visishindiliwe kati ya miviringo ya koili: sehemu iliyobaki ya koili hubeba kazi yote, kisha huvunjika.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kabla ya kutoa fedha, mwenye gari ajiulize maneno haya, na ayaandike majibu yake katika karatasi ampelekee fundi. Gari langu hukwama kwa kugusa kitu gani: difu, tumbo, au pua? Hubeba kilo ngapi katika siku nyingi za mwaka? Springi na shoki zilizomo ni nzima au zimechoka? Na je, njia nipitayo ina ubavu wa mlima, na nani huketi juu ya mzigo wangu?

Fundi hodari atafurahi kupewa karatasi hiyo, maana itamwonyesha kazi yenyewe. Na ikiwa jibu la swali la kwanza ni difu, mwenye gari atunze fedha zake za springi: anunue tairi njema na jembe la kupunguza lile tuta, asaidiane na jirani zake kuchimba mitaro ya kuondoa maji njiani, na maziwa ya kila mtu yatafika Kitale mapema.